Herufi za Hija Zinazokimbia

Nimesema sitaki, na mmekuja tena. Mara ya kwanza nikawaambia nina mafua. Mara ya pili nikawaambia macho yangu yamechoka. Leo mmekuja na kalamu na sukari, mkadhani mie nanunulika kwa sukari. Sukari nimeipokea, maana cha mgeni hakirudishwi, lakini kuandika naandika kwa hasira. Mkono wangu haukuzoea kalamu, ulizoea mwiko. Herufi zangu zikitoka kubwa na ndogo, msinisahihishe.

Kilichoniudhi ni lile tangazo la sabuni mlilonionyesha. Mkasema herufi zile nene, zilizoinama mbele kama mtu anayewahi, zisizo na vikucha juu wala chini, ni mtindo mpya umetoka Ulaya. Mpya! Ulaya labda wana zao, mie sijafika. Lakini Temeke, enzi za Mwingereza, tulikuwa na zetu, na aliyezichora alikuwa mwanamke asiyejua kuzisoma. Na zilimfanyia jambo ambalo nikilikumbuka hata leo nywele zinanisimama. Basi kaeni kitako.

Hija binti Mfaume alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye shingo isiyogeuka akishaamua. Aliolewa Kariakoo, na huko huko Kariakoo akaachwa. Aliachwa asubuhi, chungu kikiwa motoni. Mume alisimama mlangoni akatamka talaka zote tatu kwa mkupuo, akamkabidhi kanga zake mkononi kama mtu anayemrudishia jirani kinu alichoazima. Hija hakulia. Alisema tu, "Mchicha uko jikoni, usiuache uungue." Akatoka. Lakini kabla hajavuka barabara alikuwa ameshakula kiapo: hakuna kiumbe mwenye pumzi atakayemtoa tena ndani ya nyumba.

Ndipo akaja Temeke, kwenye shamba la minazi la tajiri mmoja wa mjini. Wakati ule watu wengi walijenga humo. Shamba la tajiri, nyumba yako wewe, na kila mwaka unalipa kodi ya kiwanja kwa karani wake. Hija alijenga kwa kazi ya kuwachora wanawake hina na piko, boriti moja leo, nyingine mwezi ujao. Udongo aliukandika kwa mikono yake. Paa aliliezeka kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Mvua ikinyesha, paa lile lilipiga makelele hata mtu na mwenzake hawasikilizani, na Hija akizima taa na kukaa kimya.

"Wafanya nini gizani, shoga?" jirani yake Mwashamba alimpigia kelele siku moja.

"Nasikiliza paa langu!"

"Kuna paa linalosikilizwa, wewe mwenda wazimu?"

"Lisikilize lako la makuti, kama lina la kusema!"

Basi hiyo ndiyo nyumba, na ndivyo alivyoipenda. Shikeni hapo.

Hina na piko humfikisha mwanamke vyumba ambavyo wengine hawafiki. Hija aliingia kwa Waswahili, akaingia kwa Wahindi. Siku moja aliitwa kumchora Rubabbai, mke wa Bwana Nazarali mwenye duka la nguo barabarani, kwa ajili ya harusi ya binti yake. Rubabbai akautazama mguu wake, akauliza:

"Hija, mbona majani yote yameinama upande mmoja?"

"Kwa sababu mguu wako umeinama, bibi. Umeegemea goti langu. Nikilisimamisha jani wima, wewe ukiinuka litaonekana linaanguka."

"Na mbona nene hivi?"

"Mstari mwembamba hufa kabla fungate haijaisha. Mwembamba humfurahisha mchoraji. Mnene ndio humfurahisha mume."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na Rubabbai akacheka hata mguu ukatikisika, Hija akamkemea kama mtoto.

Sasa, nyuma ya duka lake Nazarali alikuwa na mtambo wa chapa. Alichapa matangazo ya dansi, ya mpira, ya sabuni, ya mnada, ya yeyote aliyeleta kazi. Na alikuwa na kilio kimoja: watu hawayaoni. Herufi zake zilikuwa nyembamba, zimesimama wima kama askari, na kila ncha ina kikucha. Ukipita na basi huoni herufi, unaona sisimizi. Rubabbai akamwambia mumewe habari za majani yaliyoinama. Kesho yake Hija akaitwa, akatandikiwa karatasi yenye herufi zote.

Hija akacheka. "Bwana Nazarali, mie nasoma juzuu. Hizi za kizungu sizijui."

"Sikukuita uzisome, mama. Nimekuita uzichore."

Jamani, Hija alizichora herufi zile kama mtu anayechora watu. Kila moja aliipa jina lake. A alimwita Mtanua Miguu. E alikuwa Kitana. H ilikuwa Ngazi, O ilikuwa Yai, na S ilikuwa Nyoka. Kwanza alivikata vikucha vyote. "Vya nini hivi? Piko likifika kwenye kucha linatanda, linakuwa doa." Kisha akazinenepesha, mshipa wa juu sawa na wa chini, ili zionekane mbali. Kisha akaziinamisha mbele, zote kwa mwinamo mmoja. Aliulaza ujiti wa ukuti juu ya karatasi ukawa ndio kipimo chake, na herufi iliyoukana ujiti huo ilirudiwa. Yai ndilo lililomtesa. Ukiliinamisha yai nene, linaonekana viza, limevimba pembeni. Ikambidi alikondeshe kidogo huku na alinenepeshe kule mpaka jicho likubali. Nyoka naye alimliza machozi.

Aliyezichonga kwenye mbao za mninga alikuwa fundi Kornelio, mtu wa Bukoba, jirani yake Hija mle mle shambani. Alipozileta dukani, Hija alitaka kumpiga.

"Fundi! Umezirudisha nyuma! Mie nimezikimbiza mbele, wewe umezirudisha nyuma!"

"Subiri wino, Bi Hija."

"Nisubiri nini? Umeziua!"

Kornelio akapaka wino, akalaza karatasi, akakandamiza, akainua. Herufi zikatoka zimegeuka, nene, nyeusi, zinakimbilia kulia kama watu wanaowahi bomba la maji kabla halijafungwa. Hija akashika mdomo.

Toka siku hiyo Temeke ilibadilika. Tangazo la dansi, herufi za Hija. Mpira wa Jumapili, herufi za Hija. Wenye mabasi wakataka ubavuni mwa gari, kwa sababu hata gari likiwa limeharibika, kwa herufi zile lilionekana linakwenda. Hayo yalipakwa kwa brashi, na Nazarali akamtuma Hija mwenyewe. Mwanamke, juu ya ngazi, brashi mkononi! Wazee walisimama wakasahau walikokuwa wakienda. Mkaguzi mmoja wa mambo ya watu akauliza, "Binti Mfaume, huoni haya?" Hija akamjibu kutoka juu, "Naona, Mzee. Naona mpaka kipara chako."

Ikafika mahali hata asiyejua A akizijua herufi zile. Mama zetu hawakuzisoma, walizitambua, kama unavyomtambua jirani kwa mwendo wake kabla hujauona uso. "Za Hija hizo," watu wakisema, na wote wakijua kuna jambo: dansi, sabuni, bidhaa mpya imeshuka. Herufi zile zilikuwa na harufu ya furaha.

Nisikilizeni sasa.

Asubuhi moja, wanaume wameshakwenda bandarini, walikuja watu wawili na ndoo ya gundi ya muhogo. Wakapita nyumba kwa nyumba wakibandika karatasi milangoni. Hija alikuwa anafagia uwanja. Akaiona karatasi inanyooshwa juu ya mlango wake, na juu ya karatasi, watoto wake! Ngazi, Mtanua Miguu, Yai, Kitana, wote wameinama sawasawa kama alivyowalea.

"Ya nini hii, wanangu?"

"Ya tajiri mwenye shamba, mama," akajibu mmoja. "Hii ni yako. Usiichane."

Yake! Tajiri wa mjini amezijua herufi zake, ameziagiza, amezileta mpaka mlangoni kwake. Hija akaacha ufagio chini. Akaingia ndani akavaa kanga mpya aliyoiwekea sikukuu. Akatoka akapiga kigelegele kimoja kilichowatoa wanawake majikoni. Wakaja. Waliobandikiwa wakaona na wao wamepewa heshima, wakaitikia vigelegele. Akatokea wa kukoka moto, akatokea wa kukanda unga, maandazi yakaanza kuiva pale uwanjani, na ngoma ya debe ikalia. Mwashamba, ambaye nyumba yake ilikuwa nje kidogo ya mpaka wa shamba, alikuja mbio amenuna.

"Mbona mie sikubandikiwa? Nimewakosea nini?"

"Heshima haigawiwi kama pilau, shoga," Hija akamwambia. "Kula andazi utulie."

Na Mwashamba, masikini ya Mungu, alikwenda kuwakimbilia wale wabandikaji barabarani, akawaomba na yeye wambandikie. Wakamkatalia.

Hivyo ndivyo alivyowakuta fundi Kornelio aliporudi mchana kuchukua msumeno aliousahau. Alisimama nje ya duara la wachezaji. Alitazama mlango wa Hija, akautazama wa pili, akautazama wa tatu. Rangi ya uso wake ikawa ya majivu.

"Bi Hija," akasema. "Wanyamazishe hao."

"Cheza, fundi! Watoto wetu wamekuja nyumbani!"

"Bi Hija, kwa jina la Mungu. Wanyamazishe."

Debe likanyamaza. Kornelio akasoma kwa sauti, na kila neno alilitoa kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe:

"NYUMBA HII ITABOMOLEWA. MWENYE NYUMBA ATOKE KABLA YA MWISHO WA MWEZI."

Andazi liliungua kwenye mafuta mpaka likawa jeusi, na watu wote wakilitazama, na hakuna aliyenyoosha mkono kulitoa. Hija alisimama na kanga yake ya sikukuu. Akasema, "Soma tena." Kornelio akasoma tena. "Soma na ule wa pale." Ulikuwa vile vile. Milango yote ilikuwa vile vile.

Amechezea ngoma kaburi lake. Amewapikia na maandazi.

Halafu zikaja sauti. Ya kwanza ilitoka nyuma: "Lakini si herufi zake hizi?"

"Ni zake."

"Basi alijua!"

"Amelipwa huyu! Ametuandikia kufukuzwa, kisha akatuchezesha!"

"Siwezi kusoma!" Hija akalia. "Mwanijua, siwezi kusoma!"

"Huwezi kusoma lakini waweza kuandika? Tangu lini?"

Wanawake wakaokota sufuria zao. Mwashamba akalitema andazi. Toka mchana huo Hija akitoa salamu kisimani haikuitikiwa, na akienda kuomba moto, aliambiwa umezimika huku moshi unamwingia machoni.

Alikwenda kwa Nazarali. Hakukaa alipokaribishwa.

"Bwana Nazarali, umezifanya nini herufi zangu?"

Nazarali alikuwa mtu mpole, na uso ulimfifia alipoambiwa. "Mama, karani ameleta maneno, ametaka herufi zinazoonekana mbali. Mimi sikujua na nyumba yako imo. Mwenye duka la mapanga anauza panga, haulizi litakata nini."

"Panga halifanani na mama yake," akasema Hija. "Hizi zinafanana na mie. Watu wanazitazama wananiona mie."

Rubabbai alikuwa amesimama mlangoni, shela mdomoni, machozi yanamtoka. Lakini machozi hayaezeki nyumba.

Akaenda kwa karani. Huyu aliitwa Gaspar, mtu wa bara, amesoma kwa mapadri, suruali imepigwa pasi mpaka mstari unakata. Alikaa katika nyumba ya chokaa pale shamba linapoanza, mali ya tajiri, na humo ndimo alimopokelea kodi zetu.

"Tajiri ameuza shamba, Bi Hija," akasema. "Mimi ni mtumishi tu."

"Na nyumba hii yako?"

"Hii inabaki, atakaa msimamizi. Nadhani nitakuwa mimi." Akatabasamu kidogo. "Lakini herufi zako zimependeza. Zimenisaidia sana."

"Zimekusaidiaje?"

"Vibarua wa mnyapara Adelard hawajui kusoma, hata yeye mwenyewe. Ningewaandikia jina la kila nyumba ningepata taabu. Nimewaambia neno moja tu: popote mtakapoona herufi nene zinazokimbia, bomoa. Wakaelewa wote!"

Alisema hivyo kama mtu anayesifia mchuzi. Hija akamwangalia. Akaaga kwa adabu zote, akaondoka, na njia nzima midomo yake ilikuwa inacheza. Neno lile alilirudia mpaka nyumbani. Popote mtakapoona.

Mwisho wa mwezi ukafika. Wengine walishahama, wamebeba milango yao kichwani kuelekea Chanika, mlango ndio mali pekee ya kuondoka nayo. Hija hakufungasha hata kijiko. Asubuhi ile Gaspar alipanda basi alfajiri kwenda mjini kumleta tajiri aje aone kazi. Jua lilipotoka, Hija alikuwa amekwisha simama mbele ya nyumba ya chokaa na ngazi, brashi, na debe la rangi nyeusi. Mbele ya macho ya kila mpita njia. Nani angemuuliza? Huo ndio mkate wake, kuandika kwenye kuta za watu.

Mke wa Gaspar akatoka. Jina lake Tekla, binti mpole, mimba imemjaa, hakupelekwa shule kwao maana alikuwa analinda migomba.

"Shikamoo, Bi Hija. Baba watoto ndiye aliyekuagiza?"

"Marahaba. Nimekuja kuandika, mwanangu."

Hakusema uongo. Hakusema na ukweli.

Tekla akafurahi. Jamani, binti yule alifurahi! Akamletea chai, akamshikia ngazi. "Siku zote namwambia Gaspar, nyumba yetu haina hata neno, wenzetu wote wanazo. Ziweke kubwa, Bi Hija. Zionekane mpaka barabarani." Na Hija alipochora Ngazi, na Yai, na Mtanua Miguu, akinakili karatasi ya mlangoni kwake umbo kwa umbo, Tekla akaweka mkono juu ya tumbo lake, akapiga kigelegele.

Brashi ikasimama.

Hija alisimama juu ya ngazi, mkono umening'inia, rangi inadondoka kwenye chokaa. Alikijua kigelegele kile. Alikuwa amekipiga yeye, uwanjani kwake, na kanga ya sikukuu. Alitaka kushuka. Akageuka akaliona paa lake la madebe linamemeta kule kati ya minazi, na shingo yake ikakaza. Akamaliza neno.

Lori likaja. Vibarua wakaruka na mitalimbo na shoka, Adelard mbele, mtu mrefu mwenye koti la jeshi, mgeni asiyejua nyumba ipi ni ya nani. Akatazama ukuta mweupe wenye herufi kubwa kuliko zote alizopata kuziona. Hakuuliza. "Tuanze na hii," akasema, "ndiyo iliyoandikwa vizuri."

Tekla alidhani ni mafundi. Aliwakaribisha! Alipouona mtalimbo wa kwanza unaingia chini ya bati, na bati linalia na kupinduka, alitoa sauti ambayo si ya kupiga kelele, ni ya kupungukiwa pumzi. Akaketi chini pale pale mavumbini, mikono yote miwili tumboni. Bati la pili likaanguka. Na Hija akaona miguu ya binti yule inatetemeka kama ya mbuzi aliyelazwa chini ya kisu.

Hapo ndipo Hija mwenyewe alipopigwa na butwaa, kuliko siku ya karatasi. Alikuwa anamtoa mtu ndani ya nyumba. Yeye. Chai ya mtu bado iko mdomoni.

Alimvamia Adelard na brashi. Alimpaka rangi koti zima.

"Washushe! Washushe watu wako! Hayo maneno nimeandika mie, ni ya uongo!"

"Mama, ondoka njiani. Nimeambiwa herufi zinazokimbia."

"Ni zangu! Nimeziandika sasa hivi, rangi haijakauka, shika!"

Adelard akashika ukuta, kidole kikatoka cheusi. Akakitazama kidole, akazitazama nyumba za mbele. "Na zile za kule milangoni?"

Hija akageuka nyuma. Watu walikuwa wameshajaa, wanawake wote wa shamba, wale wale wasiomwitikia salamu.

"Na zile ni zangu," akasema. "Zote ni zangu."

"Muongo!"

"Waulize hao."

Mwashamba akajitokeza, mikono kiunoni. "Ni zake! Sie sote twajua ni zake, tumemtukana mwezi mzima kwa ajili hiyo! Hakuna mtu Temeke anayeandika hivyo ila huyu kichaa!"

"Ni zake!" wakaitikia wengine. "Zote za Hija! Tajiri hajaandika hata moja!"

Adelard akavua kofia. Alikuwa ameshaangusha mabati ya nyumba ya tajiri mwenyewe kwa maandishi ya mama wa hina. Alizitazama herufi za ukutani, akazitazama za milangoni, na kwa jicho lake zilikuwa kitu kimoja, mama mmoja baba mmoja. "Zipi za tajiri, zipi za mwanamke?" akawauliza vibarua wake, na hakuna aliyejua. "Pandeni garini. Mie sibomoi tena hata banda la kuku mpaka tajiri aje anionyeshe kwa kidole chake."

Tajiri alipofika na Gaspar, waliikuta nyumba moja tu iliyong'olewa mabati, nayo ni yao. Gaspar alipiga magoti mbele ya ukuta akausoma, midomo inatembea bila sauti. Tajiri aligeuza gari akarudi mjini. Hija alipelekwa kwa liwali, akakiri kila kitu kabla hajaulizwa. Na wanawake waliomtukana walimfuata huko kwa miguu, Mwashamba mbele, wakakaa uwanjani kwa liwali hawaondoki, wakisema kodi wamelipa na minazi mipya wamepanda, wabomolewe kwa sheria gani? Maneno yalikuwa marefu. Mwisho wake liwali alisema hakuna mlango utakaoguswa mpaka kila mtu apewe kiwanja kingine, na viwanja vile vilichukua miaka kupimwa. Hija alizeeka ndani ya nyumba yake.

Lakini hakukaa chini ya paa lile. Siku aliyotoka kwa liwali alipanda juu ya nyumba yake mwenyewe, na nyundo, akang'oa madebe moja moja. Kornelio akamwambia, "Bi Hija, hakuna aliyekuamuru hivyo." Akajibu, "Na mie hakuna aliyepata kuniamuru." Akayabeba kichwani mpaka kwa Tekla, akaezeka pale palipofunuliwa, Gaspar amekaa ndani amenuna hataki kumtazama. Tekla hakumsemesha. Alimshikia ngazi, basi. Hija akarudi kwake akaezeka makuti kama sie wengine, na mvua ikinyesha kwake kukawa kimya.

Herufi zake ziliendelea kwa Nazarali, zikatangaza dansi, na minada, na dawa za meno, mie mwenyewe sijui zimefika wapi. Yeye aliendelea kuchora ukuta na mguu. Kusoma alikataa kata kata kujifunza, akisema kichwa kimejaa. Ila hakuweka tena brashi mahali kabla mtu hajamsomea neno lenyewe kwa sauti, halafu mtu mwingine, halafu wa tatu asiyejuana na wale wawili. Wenye haraka wakaenda kwa wachoraji wengine. Akawaacha waende.

Nimemaliza, na mkono unaniuma. Sasa na nyie nilipeni, wala sitaki sukari. Wewe uliyesoma, simama hapo ulipo. Toka nje, nenda kwa yule mama wa jirani yako asiyejua kusoma, mtazamie mlangoni, ukutani, kwenye nguzo ya mbele ya nyumba yake, kila karatasi iliyobandikwa umsomee kwa sauti, neno kwa neno, hata kama ni la sabuni. Msomee leo, kabla hajavaa kanga ya sikukuu. Halafu rudi hapa kibarazani uniambie kumeandikwa nini. Nakungoja, na usipokuja nitajua.